Mashine ya sumaku: tusianze na kubwa, tuanze na mafundi



Ukurasa huu umezoea kuwaambia habari za kofia ngumu, miwani ya kazi, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi kati yetu hawajakiona kwa macho, lakini jina lake limeanza kusikika kambini, pale mpakani Kavimvira, na hata pwani wakati wa kungoja ndagala. Ni mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Wenye kusoma Kifaransa wanaiita IRM. Jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, wanaiita MRI. Ni kitu kimoja.

Jina hilo linasikika kwa sababu ya shida. Mfanyakazi anaangukiwa na jiwe kichwani, au mtoto anazimia kwa malaria, na daktari anasema kwamba hapa hawezi kujua kilichomo ndani ya kichwa, inafaa picha. Ndipo jamaa wanaanza kukusanya franka, kuvuka mpaka kwenda Bujumbura, au kupanda barabara ya Ngomo kwenda Bukavu, na pengine kusonga mbele zaidi. Wengine wanafika. Wengine wanakuta mpaka umefungwa, mvua imekata barabara, au fedha imekwisha njiani.

Kwa hiyo watu wanasema: kampuni inunue mashine hiyo, iwekwe Uvira, tena iwe kubwa kama zile za Ulaya. Ninafahamu uchungu ulio ndani ya maneno hayo. Mimi pia ninapokea wagonjwa hao kwenye dispensari yetu. Hata hivyo maoni yangu ni mengine. Nasema tusianze kwa kuomba mashine kubwa. Tuombe kwanza mafundi, halafu mashine ndogo ambayo mafundi hao wanaweza kuifungua, kuitengeneza na kuifunga. Someni sababu zangu, kisha mpime wenyewe.

MASHINE HII INAFANYA KAZI GANI?

Mwili wa mtu una maji mengi. Ndani ya kila tone la maji kuna chembe ndogo mno za haidrojeni, na kiini cha kila chembe kina tabia ya sumaku ndogo. Kwa kawaida sumaku hizo zinaelekea huku na huku, kama wafanyakazi uwanjani kabla ya kapita kuwaita kwa zamu. Ukimlaza mtu ndani ya sumaku yenye nguvu, sehemu ya sumaku hizo ndogo inajipanga kufuata upande mmoja.

Kisha mashine inatuma mawimbi ya namna ile inayoleta sauti katika redio yako ya nyumbani. Zile sumaku ndogo zinayumba. Mawimbi yakikatwa, zinarudi mahali pake, na katika kurudi zinatoa ishara dhaifu ambayo mashine inaipokea. Maji yaliyo katika ubongo, mafuta, nyama na damu iliyomwagika, kila kimoja kinarudi kwa mwendo wake. Kompyuta inapima mwendo huo na kuchora picha.

Ndani ya mashine kuna pia mizingo ya waya wa shaba inayobadili nguvu ya sumaku kidogo kidogo kutoka sehemu moja hadi nyingine, ili kompyuta ijue kila ishara imetoka wapi. Waya hizo zinatikisika kwa nguvu, na ndiyo sababu mgonjwa anasikia kelele kama nyundo juu ya bati. Asiogope: kelele hiyo si dalili ya kuharibika. Tena mashine hii haitumii miali ya eksirei, ile ya picha tunayozoea kuiita radio.

Watu wengine wanadhani chombo hiki kilishuka kutoka kiwandani kikiwa tayari. Sivyo. Mwaka wa 1946 wataalamu wawili wa Marekani, Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha jinsi ya kupokea ishara hizo. Mwaka wa 1973 Paul Lauterbur alitoa picha ya kwanza, nayo haikuwa picha ya mtu bali ya mirija miwili ya maji. Peter Mansfield wa Uingereza akaendeleza kazi hiyo, na mwaka wa 2003 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Tarehe 3 Julai 1977, daktari Raymond Damadian na wasaidizi wake, huko New York, walipata picha ya kifua cha mtu mzima. Ilichukua karibu saa tano. Na waya wa sumaku ile waliuzungusha kwa mikono yao wenyewe.

Waya ule ulikuwa wa niobi na titani, na mpaka leo sumaku kubwa nyingi za hospitali zinatumia waya wa namna hiyo. Ninyi wachimbaji sikilizeni: koltani ya Kivu ina madini mawili yanayokaa pamoja kama ndugu, tantali na niobi. Kule Lueshe, upande wa Rutshuru, madini ya niobi yalichimbwa katika miaka ya 1980. Niobi nyingi ya dunia inatoka Brazil, si kwetu. Lakini inafaa tujue kwamba madini ya namna tunayoyachimba, pamoja na shaba ya ndugu zetu wa Katanga, ni mali inayotumika kujenga chombo hiki. Si uchawi. Ni chuma, shaba, umeme na hesabu.

FAIDA YAKE KWA WATOTO WETU

Nitatoa mfano mmoja tu, kwa sababu unagusa kila nyumba ya bonde la Ruzizi na ya pwani hii: malaria inayopanda kichwani.

Kwa miaka mingi waganga waliona watoto wanazimia kwa malaria, wanapewa dawa nzuri, na hata hivyo wengine wanakufa. Sababu kamili ya kufa ilikuwa na ubishi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth huko Blantyre, Malawi, daktari Terrie Taylor na wenzake walipata mashine ya sumaku, na kati ya mwaka wa 2009 na 2011 wakawapiga picha za ubongo watoto waliolazwa kwa ugonjwa huo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2015. Kati ya watoto 168 waliopigwa picha, 25 walikufa. Kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kwenda. Unasukuma chini na kubana sehemu inayoongoza pumzi, na mtoto anaacha kupumua. Kwa wale waliopona, picha zilizorudiwa zilionyesha uvimbe unashuka.

Angalieni maana yake. Kumbe kazi ya mganga haiishi katika kuua kijidudu cha malaria. Inafaa pia kumsaidia mtoto kupumua mpaka uvimbe ushuke. Fikra hiyo ilithibitishwa na picha zilizopigwa Afrika, kwa watoto wa Afrika, wenye ugonjwa wa Afrika. Ulaya isingeweza kuipata, kwa kuwa huko watoto wa namna hiyo ni wachache.

Na jambo lingine, ambalo ndilo linanipa hoja yangu: mashine ile ya Blantyre haikuwa na nguvu nyingi. Nguvu ya sumaku inapimwa kwa kipimo kinachoitwa tesla. Mashine za desturi katika hospitali za mataifa tajiri zina tesla 1.5 au tesla 3. Ile ya Blantyre ilikuwa na tesla 0.35. Ilitosha kuwafundisha waganga wa dunia nzima.

KWA NINI MASHINE KUBWA ITATUSHINDA?

Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 30,000 ya ile ya ardhi inayogeuza sindano ya dira. Ili kupata nguvu hiyo, waya wake unawekwa ndani ya heliamu iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Mashine nyingi za namna hiyo zinabeba lita zaidi ya elfu moja za heliamu. Kuna mtambo unaofanya kazi usiku na mchana kuilinda baridi hiyo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mtambo unasimama, baridi inapungua, na heliamu inaanza kuchemka na kutoka. Kuijaza tena ni fedha nyingi, na ni lazima iletwe kutoka mbali.

Sisi wa Uvira tunapata umeme kutoka mabwawa ya Ruzizi. Kila mama anayepika kwa umeme anajua mara ngapi anarudi kwenye makaa. Tunakumbuka pia mafuriko ya mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu mtambo wa maji. Mashine ya tani kadhaa, inayotaka umeme usiokatika, chumba chenye kuta maalumu na fundi wa kuitwa kutoka ng'ambo, itaishi muda gani mahali hapa?

Wala si sisi peke yetu. Hesabu iliyotolewa mwaka wa 2018 ilionyesha kwamba nchi za Afrika ya Magharibi, zenye watu zaidi ya milioni 370, zilikuwa na mashine 84 za sumaku. Japani peke yake ina mashine zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja. Na hata vyombo vinavyofika kwetu havikai vizima. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2011, uliohesabu vyombo vya hospitali zaidi ya 100,000 katika nchi maskini, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja havifanyi kazi.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa katika mazoezi ya kazi, niliona katika hospitali moja chombo kizuri cha msaada kimefunikwa kwa kitambaa. Kilifika kwa sherehe na hotuba. Kikaharibika kipande kimoja kidogo cha umeme. Hakuna aliyefundishwa kukifungua, na kitabu chake cha maelezo kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Wauguzi wakaweka juu yake maboksi ya glavu. Mashine kubwa ya sumaku bila fundi itakuwa hivyo hivyo, ila meza hiyo ya maboksi itakuwa ya bei kali kuliko zote.

WALICHOFANYA MBARARA

Sasa tutazame upande wa jirani. Katika mji wa Mbarara, kusini-magharibi ya Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Mwalimu mmoja wa huko, Johnes Obungoloch, kwa miaka mingi amefanya utafiti wa mashine za sumaku zenye nguvu ndogo. Alishirikiana na wataalamu wa Leiden na Delft katika Uholanzi, na wa chuo kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani. Lengo lao la kwanza ni watoto wenye ugonjwa wa kichwa maji.

Mama wengi mnaujua ugonjwa huo: maji ya ubongo yanakosa njia, kichwa cha mtoto kinakua kupita kiasi, macho yanaelekea chini. Uganda ina hospitali ya watoto ya CURE katika mji wa Mbale, iliyofunguliwa mwaka wa 2001. Huko daktari Benjamin Warf alieneza namna ya upasuaji inayofungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo, ili watoto wengi wasihitaji kuwekewa mrija unaoweza kuziba. Watoto wengi wanaopelekwa pale walipata ugonjwa baada ya maambukizo ya utotoni. Daktari wa upasuaji anahitaji picha ili ajue maji yako wapi na ni kiasi gani.

Mwaka wa 2022, vipande vya mashine pamoja na vyombo vya kazi vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi mpaka Uganda. Haikuwa mashine iliyofungwa tayari. Ilikuwa sumaku ndogo ndogo nyingi, za namna isiyohitaji heliamu wala umeme ili kukaa na nguvu, pamoja na waya wa shaba na vifaa vingine. Kulikuwa na waelekezi 4, na watu 6 ambao hawakuwa wamefundishwa kazi hiyo. Walipima na kuchagua sumaku moja moja, wakazipanga katika pete 23, wakarekebisha nafasi kati ya pete, wakazungusha waya, wakafunga mitambo. Baada ya siku 11 wakapata picha ya kwanza. Nguvu ya mashine hiyo ni kama tesla 0.05, yaani sehemu moja ya thelathini ya mashine ya tesla 1.5.

Someni tena hiyo, ninyi mafundi wa karakana: watu 6 wasio na mafunzo ya kazi hiyo, siku 11. Nani kati yenu anayejua kuzungusha upya waya wa mota iliyoungua? Nani anayejua kupima na kupanga vipande mpaka visipishane hata milimeta? Mko wengi. Mikono ya kazi hii tunayo tayari. Inakosa mafundisho.

Viwanda navyo vimeona njia hiyo. Mwaka wa 2020 serikali ya Marekani iliruhusu mashine ndogo ya kampuni ya Hyperfine, yenye tesla 0.064, ambayo inasukumwa kwa magurudumu mpaka kitandani kwa mgonjwa na kuchomekwa katika umeme wa kawaida wa ukutani.

"LAKINI HIYO NI MASHINE YA MASKINI"

Najua wengine watasema hivyo: wenzetu wapate picha safi, sisi tupate picha yenye ukungu? Swali ni la haki, na jibu lake ni hili. Uliza kwanza unataka kuona nini. Ukitafuta uvimbe mdogo kama punje ya mchele, mashine ndogo inaweza kuukosa, na mgonjwa huyo inafaa apelekwe penye kubwa. Lakini ukitaka kujua kama maji yamejaa kichwani mwa mtoto, au kama kuna damu nyingi inayobana ubongo wa mtu aliyeangukiwa na jiwe, huhitaji kuhesabu nywele. Mwaka wa 2021 watafiti walitoa matokeo ya jaribio: waliwaonyesha madaktari wa upasuaji wa watoto picha zilizoharibiwa kwa makusudi, wakakuta kwamba hata picha ambazo kwa kawaida zingetupwa zilitosha kupanga matibabu ya kichwa maji. Waliona pia hatari: picha mbovu ikisafishwa mno na kompyuta, inaweza kuonyesha kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo picha yenye ukungu lakini ya kweli ni afadhali kuliko picha nzuri ya uongo.

Na jambo moja la kukumbuka kwa wachimbaji: mashine ya sumaku, kubwa wala ndogo, haichukui nafasi ya radio ya kifua. Mapafu yamejaa hewa, maji yake ni machache, na sumaku inayaona kwa shida. Vumbi la mwamba linalokaza mapafu linatafutwa kwa radio. Mtu asiache kupimwa kifua mwaka huu eti anangoja mashine mpya.

CHUMA NDANI YA MWILI: HATARI INAYOTUGUSA SISI

Hata kama mashine haitafika hapa leo, wengine wenu mtapelekwa kwenye mashine za mijini. Kuna sheria moja ambayo kwetu sisi watu wa mgodi ina uzito kuliko kwa watu wa ofisi: sumaku inavuta chuma, hata kile kilichofichika mwilini.

Anayenoa patasi au kukata chuma kwa jiwe la umeme bila miwani anaweza kuingiwa na kipande kidogo jichoni. Maumivu yanapoa, anasahau. Mwaka wa 1986 jarida la waganga wa Marekani lilitoa habari ya mgonjwa aliyekuwa na kipande cha chuma cha milimeta chache tu ndani ya jicho. Aliingizwa kwenye mashine ya sumaku, kipande kikasogea, damu ikamwagika ndani ya jicho, na jicho hilo likapofuka.

Na si mgonjwa peke yake aliye katika hatari. Mwaka wa 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, chupa ya chuma ya oksijeni ililetwa ndani ya chumba. Sumaku ikaivuta, ikampiga kichwani mtoto wa miaka 6 aliyelala humo, naye akafa. Mwaka wa 2025, katika jimbo hilohilo, mwanamume aliyeingia chumbani akiwa na mnyororo mzito shingoni alivutwa na mashine, akafa. Huyo hakuwa mgonjwa aliyekuja kupigwa picha. Sumaku kubwa haizimwi jioni kama taa. Inavuta usiku na mchana, hata chumba kikiwa kitupu. Ile ndogo inavuta kwa nguvu ndogo, lakini nayo ni sumaku.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Ukiwa umewahi kuingiwa na chuma jichoni, hata miaka 20 iliyopita, mwambie anayekupeleka kwenye mashine. Radio ya macho itaonyesha kama kipande kingalimo.

2. Ukiwa na risasi au kipande cha bomu mwilini, sema. Katika nchi yetu ni wengi wenye alama hizo. Muuguzi hatakuuliza nani alipiga wala ulikuwa upande gani. Anauliza tu kiko wapi.

3. Ukiwa na chuma kilichowekwa na daktari, kama vile cha kuunga mfupa, cha kubana mshipa au chombo cha kusaidia moyo, eleza kiliwekwa lini na hospitali gani, na chukua karatasi yake kama ipo. Vyuma vingi vya mfupa vya siku hizi havivutwi sana, na mwaka wa 2011 Marekani iliruhusu chombo cha kwanza cha moyo kilichotengenezwa makusudi kuvumilia mashine ya sumaku. Lakini vya zamani si hivyo. Mtaalamu ndiye aamue.

4. Anayesindikiza mgonjwa aache nje funguo, kisu, mkanda wenye chuma, simu na mnyororo. Asiingie mpaka aambiwe.

5. Aliye kwenye jiwe la kunolea avae miwani. Hakuna mashine itakayokurudishia jicho.

NINACHOOMBA

Ninaleta maombi manne, nami nawasihi wajumbe wa wafanyakazi wayapeleke mbele ya kamati ya usalama.

La kwanza: kampuni ichague vijana wawili kutoka karakana ya umeme, iwapeleke kujifunza utengenezaji wa vyombo vya hospitali. Wakirudi waanze na vile tulivyo navyo: darubini, mashine ya oksijeni, mashine ya radio. Asiyeweza kutengeneza hivyo hataweza kutengeneza cha sumaku.

La pili: katika fishi ya matibabu ya kila mfanyakazi uongezwe mstari mmoja: "Chuma mwilini: kipo au hakipo, wapi, tangu lini." Kazi hiyo haigharimu chochote ila wino, na tunaweza kuianza wiki hii.

La tatu: Mbarara si mbali kama Ulaya. Mwenye madaraka aandike barua, aulize kama fundi wetu anaweza kwenda kutazama na kujifunza. Jirani aliyekwisha kujenga anajua matope ya njia yetu kuliko muuzaji wa mbali.

La nne ni kwenu, jamaa za wafanyakazi. Siku moja watafiti wanaweza kuja na chombo kidogo, wakaomba watoto au watu wazima wapigwe picha. Msikimbie, wala msikubali kwa kufumba macho. Ulizeni: picha itamsaidia nani, itabaki wapi, matokeo tutaambiwa lini, na nikikataa nitaendelea kutibiwa? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo. Sisi wa Uvira si wageni wa utafiti. Chanjo ya kipindupindu ilitolewa mjini kwetu mwaka wa 2020, watafiti wakafuatilia wagonjwa, na mwaka wa 2024 wakatangaza kwamba hata dozi moja ilitoa ulinzi. Maarifa hayo yametoka katika miili yetu na yanasaidia miji mingine. Tuna haki ya kuuliza, tena tuna haki ya kujivuna.

Pengine wakubwa watanijibu kwamba mafundi wawili ni jambo dogo kwa shida kubwa kama hii. Ndiyo, ni dogo. Lakini mtoto aliyezimia kwa malaria hawezi kungoja sumaku ya tani tano ipande Ngomo, na chombo chochote kitakachotangulia kufika kitataka mtu wa kukitunza siku ya pili yake. Mtu huyo tumwandae sasa.

Anayejua ana chuma mwilini, hasa jichoni, apite kwenye dispensari kabla au baada ya zamu. Tutaandika katika fishi yake, kisha atarudi kazini.